Mashine ya Mashua Imezimika: Tuanze Wapi?



Huenda mtu akauliza, "Kigali ni mji wa vilima, hauna ziwa. Mashine ya mashua yatuhusu nini?" Jibu langu ni hili. Wengi wetu tunaolala katika mabweni haya tumetoka Kibuye, Gisenyi na Cyangugu, ambako Ziwa Kivu ndilo njia yetu, ndilo shamba letu, ndilo soko letu. Wengine wametoka kando ya Ziwa Muhazi, ambalo si mbali na mji huu kwa upande wa mashariki. Na miongoni mwa waliosoma hapa zamani wako wenye mashua, na mashine zao nyingi ni kuukuu, zilizokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne.

Nataka kufundisha jambo moja tu. Mashine haizimiki bila sababu, na kila sababu huacha alama yake. Anayezisoma alama hizo kwa utaratibu hupata ubaya baada ya muda mfupi. Anayebahatisha hununua vyuma visivyohitajiwa, na akiwa katikati ya ziwa aweza kupoteza zaidi ya fedha. Kumbukeni kwamba Ziwa Kivu, penye kina kirefu, lina mita kama 480. Kamba ya nanga ya mashua zetu haifiki chini hata kidogo. Mashine ikifa huko, upepo ndio utakaoamua mwendapo.

1. MASHINE YENYEWE

Mashine ya kufungwa nyuma ya mashua, katika ubao wa tezi, si kitu kipya. Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norway akahamia Marekani, alianza kuziuza mashine zake mwaka 1909. Wajapani wa Yamaha walitoa yao ya kwanza mwaka 1960. Nyingi za zile kuukuu ni za mipigo miwili: pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, na kazi yote imekwisha. Mashine ya namna hii haina tangi la oili chini kama motokaa. Oili yake huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha vyuma vya ndani.

Kwa hiyo kipimo cha oili ni jambo la uhai wa mashine. Mashine nyingi za zamani sana zilitaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 24 au 25 za petroli. Nyingi zilizofuata hutaka sehemu 1 kwa 50. Maana yake, katika lita 25 za petroli, ya kwanza yataka oili lita 1, na ya pili yataka nusu lita. Oili ikipungua, pistoni hukwaruza na kukwama. Ikizidi, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka. Yafaa kusoma kitabu cha mashine au maandishi yaliyobandikwa juu yake, wala si kufuata desturi ya jirani.

2. ULIZA KWANZA, NDIPO USHIKE SPANA

Daktari mwema humwuliza mgonjwa, "Maumivu yalianzaje?" Fundi naye aulize, "Ilizimikaje?" Ziko namna nne, na kila moja yatupeleka mahali pake.

(a) Ilikatika ghafula kama taa iliyozimwa. Mara nyingi ubaya uko katika umeme. Tazama kwanza kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha. Ikichomoka, mashine hufa papo hapo.

(b) Ilikohoa, ikapungua nguvu, ikapata nguvu tena kidogo, kisha ikafa. Mara nyingi petroli haifiki, au ina maji.

(c) Ilipungua nguvu polepole, ikanuka joto, ikazimika, na kamba ya kuvutia ikawa nzito. Mashine imekosa maji ya kupoza. Usiivute tena mpaka ipoe.

(d) Haikuzimika. Yalia kwa nguvu, lakini mashua haiendi. Basi si mashine inayougua. Ubaya uko katika rafadha, yaani lile panga linalosukuma maji.

Baada ya kuuliza, tazama mambo mepesi kabla ya mazito. Petroli imo tangini? Kile kiparafujo cha hewa juu ya kifuniko cha tangi kimefunguliwa? Mpira wa petroli umeingia sawasawa? Gia iko huru? Mambo haya hayataka chombo cho chote, na mara nyingi ndiyo yenye makosa.

3. VITU VITATU

Mashine yo yote ya petroli, kubwa au ndogo, ya mashua au ya pikipiki, yataka vitu vitatu ili iwake: cheche, petroli pamoja na hewa, na mgandamizo. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Vikiwapo vyote vitatu kwa kiasi chake na kwa wakati wake, haina budi kuwaka. Kwa hiyo tuvipime kimoja kimoja.

Cheche. Fungua plagi, ambayo huku kwetu wengine huiita buji. Kabla ya kuijaribu, isome uso wake. Ikiwa kahawia kama kahawa iliyotiwa maziwa, silinda ina afya. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli au oili imezidi, au cheche haipo. Ikiwa nyeupe kama majivu makavu, silinda inapata joto mno au petroli ni kidogo mno. Ikiwa na matone ya maji, maji yameingia katika petroli au yamepenya kupitia gasketi ya kichwa.

Sasa irudishe plagi katika waya wake, ulaze mwili wake juu ya chuma kitupu cha mashine, mbali na tundu ilimotoka, kisha mwenzako avute kamba. Angalieni sana: pasiwe na petroli iliyomwagika, na tangi liondolewe karibu. Shika waya kwa koleo lenye mpira, maana umeme wake hurusha mtu. Cheche njema ni ya buluu, nene, nayo hulia "ta, ta". Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo, jaribu plagi mpya kwanza.

Ikiwa plagi mpya haikusaidia, chomoa waya wa kitufe cha kuzimia ujaribu tena. Cheche ikirudi, koili haina kosa. Kitufe ndicho kinachoivujisha. Lakini ujue kwamba ukiiwasha mashine hali waya ule umechomolewa, kitufe hakitaizima. Utaizima kwa kuifunga hewa kwa choki. Mashine za zamani zaidi zina pointi chini ya lile gurudumu zito la juu. Pointi zikishika kutu au uchafu, cheche hupotea. Husafishwa kwa karatasi laini, na nafasi yake katika nyingi ni nusu milimita.

Petroli. Vuta kamba mara kumi, kisha fungua plagi. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Shika lile tufe la mpira lililo katikati ya bomba la petroli, ulibinye. Mshale wake lazima uelekee kwenye mashine. Tufe hili lasema mengi kwa mtu anayejua kulisikiliza.

Likiwa gumu upesi na plagi bado ni kavu, petroli imefika katika kabureta lakini haipiti. Sindano imekwama au tundu dogo la ndani limeziba. Likibaki laini hata ubinye namna gani, lavuta hewa mahali fulani, au vali zake ndogo zimechoka, au tangi ni tupu. Likibonyea na kubaki limebonyea, petroli imezuiwa upande wa tangi. Na ikiwa mashine yafa ikikazwa, lakini yaendelea unapolibinya tufe kwa mkono, basi pampu ndogo ya petroli ya mashine haifanyi kazi yake. Mara nyingi ngozi yake ya ndani imepasuka.

Kwa maji, fungua kibakuli cha kabureta, umwage yaliyomo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini yakionyesha mstari. Petroli iliyokaa miezi mingi hunuka kama rangi ya mbao. Usiitie mashineni.

Mgandamizo. Ondoa plagi zote, bana tundu moja kwa kidole gumba, mwenzako avute kamba. Hewa lazima ikisukume kidole kwa nguvu. Jaribu silinda ya pili uzilinganishe. Mwenye kipimo cha mgandamizo atapata tarakimu, na tofauti ya silinda mbili isipite kiasi cha sehemu 10 hadi 15 kwa 100. Ikiwa moja ni dhaifu mno, hapo ndipo tunaposema ringi, pistoni au gasketi imeharibika. Tazama vema: jambo hili la gharama kubwa tumelitaja mwisho, si mwanzo.

4. MAJI NA RAFADHA

Mashine hupozwa kwa maji ya ziwa. Mafundi husema, "Tazama inavyokojoa." Maana yake ni ule mkondo mwembamba wa maji unaotoka ubavuni. Usipouona, zima mashine upesi. Labda tundu la kutokea limeziba kwa mchanga, nawe utalifungua kwa waya mwembamba. Labda mlango wa kuingizia maji umefunikwa na majani au mfuko wa plastiki. Labda kile kipepeo cha mpira kilichomo katika pampu ya maji kimekatika mabawa. Kipepeo hicho hulainishwa na maji yenyewe, na mashine ikiwashwa nchi kavu bila maji, chaweza kuharibika kwa muda mfupi sana.

Rafadha za mashine nyingi ndogo za zamani zina pini laini iliyowekwa kusudi ikatike linapopigwa jiwe, ili gia zisivunjike. Pini ikikatika, mashine hulia na mashua husimama. Usitie msumari mgumu badala yake, maana siku nyingine itakatika gia. Rafadha nyingine zina mpira katikati badala ya pini. Mpira ule ukichoka, huteleza. Chora mstari mmoja wa chaki toka kitovu cha ndani hadi pete ya nje, uendeshe kidogo, kisha utazame. Mstari ukiwa umeachana, mpira umeteleza.

Mwisho, fungua parafujo ya chini ya sanduku la gia utoe oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni uzi wa nyavu uliojizungusha nyuma ya rafadha ukakata mpira wa kuzuia maji. Jambo hili latokea sana kwa wavuvi wetu wa sambaza.

5. MASHINE JUU YA MILIMA

Hapa pana somo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havilikazii. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huku ni kama sehemu 84 tu kwa 100 za ile ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa pwani hutoa petroli ile ile, lakini hewa ni nyepesi. Basi mchanganyiko huwa mzito wa petroli, plagi hushika masizi, na nguvu hupungua. Kwa hiyo plagi nyeusi Kibuye si lazima iwe ugonjwa. Huenda jeti ya kabureta ni kubwa mno kwa mahali petu, na kitabu cha mashine hutaja jeti ndogo ya nchi za juu.

Vivyo hivyo kwa mgandamizo. Mashine inayopimwa paundi 120 kwa inchi ya mraba huko Mombasa itapimwa kiasi cha 100 ikiletwa Kibuye, ingawa hakuna chuma kilicholika. Fundi asiyejua fizikia hii aweza kuihukumu mashine nzima kuwa imekufa. Ndiyo maana nasema kwamba somo la kanieneo tulilolisoma darasani si la mtihani tu.

6. MFANO WA KIBUYE

Katika likizo nilikuwa kwa baba mdogo huko Kibuye, mahali ambapo tangu mwaka 2006 pamo katika Wilaya ya Karongi. Jirani yake, mzee mwenye mashua ya kuwapeleka wageni kisiwa cha Napoleon kutazama popo, alikuwa na mashine kuukuu ya silinda mbili. Ilienda dakika kama kumi, ikakohoa, ikafa. Baada ya kupumzishwa iliwaka tena, ikaenda dakika kumi nyingine. Fundi mmoja alikwisha kumwambia kwamba ringi zimekwisha, mashine ikipata joto hupoteza nguvu, na dawa yake ni kununua nyingine. Yule mzee alikuwa amekwisha kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wawili.

Baba mdogo hakugusa spana. Aliuliza tu, "Mzee, ikizimika huwa unafanya nini?" Yule mzee akajibu kwamba hufungua kifuniko cha tangi atazame kama petroli ingalimo, kisha hukifunga na kungoja kidogo.

Tukaenda majini, sote na makoti ya kuokolea na makasia, karibu na pwani. Mimi niliambiwa nitazame vitu viwili: maji ya kupoza na tufe la petroli. Maji yalitoka vizuri muda wote, wala hayakuwa ya moto kupita kiasi. Lakini kadiri dakika zilivyopita niliona tufe likibonyea, likawa bapa kama chapati. Mashine ikakohoa, ikafa. Baba mdogo akafungua kifuniko polepole, na sote tukasikia hewa ikiingia tangini kwa sauti, "Fyuuu!"

Jibu lilikuwa hilo. Kiparafujo cha hewa kilikuwa wazi, lakini tundu lake lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Petroli ilipotoka, hewa haikuingia mahali pake, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Kupumzika hakukuiponya mashine hata siku moja. Kilichoiponya ni kule kufunguliwa kifuniko, ambako mwenyewe hakukuhesabu kuwa ni kitendo. Tukazibua tundu kwa waya, tukaenda Napoleon na kurudi bila kusimama. Ng'ombe wale wangali kwa mwenyewe.

Mwaona jinsi dalili ilivyokuwa wazi. Joto la mashine na ukosefu wa hewa tangini vyote huchukua dakika kadhaa kabla ya kuonekana, kwa hiyo kutoka mbali vyafanana. Kilichovitenga si maarifa makubwa. Ni swali moja na macho mawili.

7. IKIKUFIA ZIWANI

Kwanza, kila mtu avae koti la kuokolea kama hakulivaa. Pili, watu waketi, wala wasikimbilie wote tezini kutazama, maana mashua italala. Tatu, mtu mmoja ashike kasia aielekeze omo kwenye mawimbi. Nne, asiwepo mwenye kuwasha sigara. Ndipo mwingine aanze: kamba ya usalama, hewa ya tangi, tufe, mpira, plagi. Badili kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadili kingine. Ukibadili vitu vitatu pamoja na mashine ikawaka, hujajua ni kipi kilichoiponya, na kesho utahangaika upya.

Kila mashua iwe na makasia mawili, plagi mbili mpya, spana ya plagi, pini za rafadha, koleo, bisbisi, waya mwembamba, kamba ya akiba na kitambaa kikavu. Vyote hivi vyaingia katika kopo moja lenye kifuniko.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Plagi ya juu ni kahawia, ya chini ni nyeusi na imelowa. Utafanya nini bila kununua kitu?
2. Mashine yatembea vizuri polepole, ikikazwa hufa, lakini ukibinya tufe hupata nguvu. Ubaya uko wapi?
3. Mashine yalia sana, mashua haiendi. Utatazama nini?
4. Oili ya gia imekuwa nyeupe. Kwa nini?

Majibu. (1) Badilishana plagi hizo mbili. Ulowevu ukihama pamoja na plagi, plagi ni mbovu. Ukibaki chini, tazama waya, koili na mgandamizo wa silinda ile. (2) Katika pampu ya petroli ya mashine. (3) Pini au mpira wa rafadha. (4) Maji yameingia. Tafuta uzi nyuma ya rafadha.

Wenzangu wa Kigali msiokuwa na mashua, lijaribuni somo hili katika pikipiki au mashine ya kusagia ya nyumbani kwenu. Namna ya kupoza na ya kutia oili itakuwa nyingine, bali cheche, petroli na mgandamizo ni vile vile. Ulizeni kwanza, tazameni mepesi kabla ya mazito, wala msikubali kuuza ng'ombe kabla ya kufungua kifuniko cha tangi.